Zabibu Sironko: udongo upo, mvua je?

Mkulima wa Sironko: Wadau, shemeji kaniletea pingili za zabibu kutoka Dodoma. Shamba liko mteremko wa Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, udongo mwekundu wa volkano, kahawa inakubali mno. Mzabibu nao utakubali?

Mzee Kitalu: Utaota kwa fujo, na hapo ndipo shida. Dodoma ni nusu jangwa: mvua msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha ukame mrefu. Kichanga chake hakishiki maji, mzabibu unahangaika, tunda linakusanya sukari. Kwako mvua ni nyingi na kiangazi ni kifupi: majani tele, ukungu mweupe chini ya jani, zabibu zinapasuka kabla hazijaiva. Rutuba ya kahawa si lazima iwe ya divai, ndugu yangu.

Mama Kahawa: Halafu huku ikweta hakuna baridi ya kuulaza mzabibu usingizi kama Ufaransa. Mkasi ndio baridi yetu. Pogoa ili matunda yaivie kiangazi.

Mkulima wa Sironko: Basi nipande michache tu karibu na nyumba?

Mzee Kitalu: Sawa, upande wa jua la asubuhi, umande ukauke mapema. Pingili zilizobaki mpe mtu wa Karamoja, kule kukavu kaskazini mashariki mwa Uganda, ndiko kunakofanana na Dodoma.