Sherehe ya darasa ya kufunga mwaka: mchango wa shilingi 10,000 uendelee au tuufute?

Mzazi, Nkuhungu (mleta hoja)

Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo, wazazi wenzangu na walimu. Naileta hoja hii mapema, kabla Novemba haijatukuta, maana mwaka jana tulianza kuijadili pesa zikiwa zimeshakusanywa na hakuna aliyekuwa tayari kusikiliza.

Mwanangu anasoma shule ya msingi ya serikali hapa Dodoma mjini. Mwaka jana alikuwa darasa la tatu. Mitihani ilipoisha, ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: kila mtoto 10,000 ya sherehe ya darasa. Pilau, soda, keki, maputo, na kukodi spika. Asiyechanga, mtoto wake abaki nyumbani siku hiyo "asije akajisikia vibaya". Maneno hayo ya mwisho yamenikaa kifuani hadi leo.

Nililipa siku ileile, wala sikuuliza kitu. Siku ya sherehe nikaenda kusaidia kupakua. Kwenye saa nne hivi akaingia binti mmoja wa darasa lao, analelewa na bibi yake. Sare imefuliwa, ina mstari wa pasi. Mkononi ana kopo la siagi limejaa karanga za kukaanga, juu limefunikwa nailoni na kufungwa uzi. Akaenda moja kwa moja kwa mama aliyeshika daftari la michango, akasema, "Shikamoo. Bibi amesema hizi ni za sherehe." Yule mama akafungua daftari, akashuka na kidole hadi kwenye jina, akamwambia karanga hazimo. Kopo likawekwa chini ya meza. Mtoto akamiminiwa soda nusu kikombe, akakaa dawati la mwisho karibu na mlango. Sahani hakupata, kwa sababu sahani zilikuwa zimehesabiwa.

Mimi nilikuwa nimeshika upawa. Sikusema neno.

Hebu tuitazame hiyo 10,000. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, na 4,000 kati ya hizo ni za vitabu. Kwa hiyo siku moja ya pilau na maputo tunamdai mzazi kiasi kilekile ambacho serikali ilimpangia mtoto wake kwa chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na vitabu, kuanzia Januari hadi Desemba.

Sisemi watoto wasifurahi. Wafurahi, tena sana, wameketi darasani mwaka mzima. Ninachopinga ni mlango wa darasa kuwekewa kiingilio. Naomba maoni yenu.

Baba wa wawili, Ipagala

Dada yangu, habari ya yule binti imenigusa. Lakini tusiue sherehe kwa kosa la mshika daftari. Mimi nimesoma Kongwa miaka ya tisini. Tulikuwa tunafunga shule kwa kufyeka majani, tunapewa ripoti, tunaondoka. Sikumbuki hata siku moja ambayo mwalimu wangu alikaa nasi tukacheka. Wanangu wanayo hiyo siku, na mimi naona thamani yake wanaporudi nyumbani wanaimba. Wenye uwezo tuwalipie wasio nao, kimyakimya, mambo yaende.

Mzazi, Area C

Kwangu sherehe na mchango vyote vifutwe. Wiki hizo za mwisho zitumike kwa watoto ambao hadi leo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hazijawakaa. Mtaala mpya ulianza na darasa la kwanza na la tatu mwaka 2024, wazazi wengi hata hatujauelewa vizuri, halafu tunajadili keki.

Mwalimu, Chamwino

Naomba na upande wetu usikike. Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, la nne Oktoba, na madarasa mengine yanafuata na mitihani yao. Baada ya hapo mwalimu ana wiki mbili za kusahihisha, kujaza ripoti za watoto zaidi ya themanini na kufuatilia vitabu. Kitabu kimoja kinaweza kukula siku mbili ukikitafuta: kipo kwa kaka yake, kaka amekiacha kwa rafiki, rafiki amehamia Bahi. Wakati huo watoto wako uwanjani juani, na jua la Novemba hapa mnalijua. Ndugu wa Area C, nikisema nifundishe KKK wiki hizo, nitawafundisha wasiozihitaji. Wanaozihitaji ndio wa kwanza kutoweka. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi wako shamba wanapanda uwele na mtama, na siwezi kuwalaumu wazazi wao, maana msimu wetu wa mvua ni mmoja tu. Ukichelewa kupanda, umeukosa mwaka. Kwa hiyo siku ya furaha mwishoni inanisaidia kuwashika. Wanakuja kwa sababu wanaingoja.

Ila pesa zake sizitaki. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, nasi walimu tukaonywa tusiishike. Mkiita "ya wazazi" bado inaliwa darasani kwangu, na mzazi akigombana na mweka hazina, anayeitwa ofisini ni mimi.

Babu, Mvumi

Nina wajukuu wanne shuleni. Nitasema kidogo tu. Tunavuna Mei na Juni. Ikifika Novemba ghala liko chini, na mnyama ukimpeleka mnadani unamuuza kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mtu anauza. Mwezi huo ndio mnaoomba 10,000. Mngeomba Juni, ningewapa debe.

Na huyo bibi wa karanga. Mwanangu, Novemba karanga zinazobaki katika nyumba ya mtu wa hali hiyo ni za mbegu. Alipunguza shamba lake.

Mzazi, Nkuhungu (mleta hoja)

Babu, shikamoo. Hilo la mbegu sikulijua. Nimekulia mjini, nanunua karanga kwa kipimo pale Majengo. Nimesoma maneno yako, nikatoka nje nikakaa.

Kaka wa Ipagala, kulipiana kimyakimya ni jambo nililolifikiria mwanzoni nikaona ni zuri. Lakini daftari lina majina, na watoto wa darasa la tatu wanajua kusoma. Wanajua nani kalipiwa. Nilimsikia mwanangu mwenyewe akimtaja mwenzake hivyo, "yule wa kulipiwa", na ana miaka tisa.

Kwa hiyo naona hivi. Daftari lisiwepo kabisa. Kila mtoto aje na kinachopatikana kwao, kiwe ni embe, maana ni msimu wake, ubuyu, karanga, kipande cha muhogo, na asiye na kitu aje na mikono yake akateke maji ya kunawa. Vyote viingie kwenye masinia, wale pamoja. Na sherehe yenyewe waifanye watoto. Tuko Ugogoni, jamani, mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka mkoa huuhuu na zeze lake likasikika dunia nzima, halafu sisi tunakodi spika watoto wacheze nyimbo ambazo maneno yake tunaona aibu kuyatafsiri. Bibi anayejua kupiga muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, hakosekani katika darasa la watoto themanini. Aitwe awafundishe wiki hizo mbili ambazo mwalimu anajaza ripoti, chini ya mti, na wanaokuja kwa ngoma ndio haohao mwalimu anaowatafuta kwa KKK. Asubuhi wasome, jioni wacheze.

Baba wa wawili, Ipagala

La majina nakubali, sikuliona. Lakini muhogo na embe kwa watoto themanini, wengine watalala njaa. Angalau mchele tuache wanaoweza walete.

Mzazi, Nkuhungu (mleta hoja)

Walete, na aliyeleta asiandikwe.

Kikao cha wazazi wa darasa letu ni mwanzoni mwa Oktoba. Nimeshamwomba mwalimu wa darasa anipe dakika kumi. Jumamosi hii nakwenda kwa yule bibi. Kopo lake nililichukua chini ya meza siku ile wenzangu walipoanza kufagia, na mpaka leo liko kabatini kwangu, sijalirudisha.