Baiskeli siku moja kutoka Malindi, mwezi wa 7: Ngomeni au Watamu?

mwana_wa_shela
Salaam jamani. Rafiki yangu aja kutoka Nairobi wiki ya pili ya mwezi wa 7 na baiskeli yake ya resi, zile tairi nyembamba kama kidole, mimi nna maunteni ya kawaida ya gea 18 ambazo zinazoingia ni kama 5 hivi. Tuna Jumamosi moja tu. Mimi nataka Ngomeni, tuvuke daraja la Sabaki, Mambrui tunywe chai, Gongoni tuangalie mashamba ya chumvi halafu tumalizie Ngomeni kwenye ile mitambo ya Wataliano baharini waliyokua wakirushia setilaiti, babu yangu hadithi yake kubwa ilikua ile ya 1970 iliyoitwa Uhuru kwa vile ilirushwa siku ya Jamhuri. Ni kama kilomita 30 na kitu kwenda. Mwenzangu yeye ataka Watamu kwa ajili ya magofu ya Gede na picha, na kubwa zaidi ataka tupite ufuoni tusiguse lami, ati ameona video. Waliowahi kwenda nambieni, sitaki turudi tumebebwa na tuktuk.

fundi_spoki
Kabla ya kuuliza njia uliza upepo. Mwezi wa 7 ni kusi yenyewe, upepo watoka kusini. Ukenda Ngomeni, yaani kaskazini, asubuhi utajiona bingwa, wasukumwa mgongoni na hujui kama wasukumwa, wadhani ni miguu yako, wafika wacheka na picha wapiga, halafu saa nane mchana wageuza baiskeli na upepo ndo umeshakolea na jua liko utosini na wewe umeshachoka. Kilomita 30 za kurudi hapo zahisi kama 60. Nimewazibia pancha watu wengi wa safari hiyo na si pancha ilowaumiza.
Watamu ni kinyume chake. Toka saa kumi na mbili asubuhi upepo ungali mdogo, pigana nao na miguu mipya, kama kilomita 25 kupitia Gede, alasiri kusi hiyohiyo yakurudisha nyumbani. Ngomeni iwekeni mwezi wa 1, wakati wa kaskazi mambo yageuka, kwenda ndo kazi kurudi ni raha.
Na huyo wa resi mwambie aje na tyubu mbili na pampu yake mwenyewe. Vali za hizo baiskeli ni zile nyembamba, pampu zetu za njiani haziingii, na saizi ya tyubu yake hapati kwa fundi yeyote chini ya mwembe. Na lami pembeni imekatika mahali pengi, akishuka kwa kukimbia matatu asishuke kwa pembe, ashuke kwa kunyooka.

bint_barani
Hiyo ya ufuoni niulizeni mimi 😂 mwaka jana mimi na shoga yangu tulitoka na baiskeli kufuata pwani mpaka Sabaki. Mwanzo raha kwelikweli, ilikua bamvua, zile siku maji hujaa sana na kupwa sana, maji yamekupwa mbali, mchanga mgumu kama sakafu, hakuna lori hakuna honi, ni nyinyi na ndege na wavuvi wakokota nyavu. Sasa tukafika mlango wa mto. Pale hapavukiki na msijaribu, mna viboko, na maji yaonekana madogo lakini yavuta. Kurudi nyuma maji yameanza kujaa ule mchanga mgumu umeshafunikwa, uliobaki ni mchanga tifu wa juu, tukazisukuma baiskeli kwenye vile vilima mpaka tukatokea barabarani, saa nzima na zaidi, viatu mkononi. Shoga yangu hakunisemesha mpaka Isha.
Kama lazima aonje ufuo basi angalieni mwezi wa Kiislamu, tarehe 1 au 15 na zile siku mbili tatu za baadae, hapo maji hupwa kama saa nne saa tano asubuhi na mwapata masaa ya kutosha. Kila siku ikisogea maji nayo yachelewa kama dakika 50. Kama Jumamosi yenu yaangukia maji mafu, yaani yasiyopwa sana, sahauni, mchanga mgumu mtauona kidogo tu. Na tairi nyembamba hata kwenye bamvua yazama.
Jengine ni chumvi. Ukirudi oshea maji matamu, kausha, tia mafuta siku hiyohiyo. Cheni ya mwenzangu alingoja siku tatu ikawa nyekundu kama udongo wa Marafa.

mambrui_ndo_kwetu
Naona mwaipiga vita Ngomeni yetu lol. Fundi asema kweli kuhusu upepo lakini dawa ipo, mwende na upepo halafu mrudi na Probox, baiskeli zafungwa juu na kamba, mwapatana bei kabla hamjapakia. Kitu cha kuogopa ni malori ya chumvi kutoka Gongoni, yakikupita yakuvuta ndani kisha yakusukuma nje, shikilia usukani. Na Mambrui msipite tu kwa chai, mwulizeni mtu yeyote awaonyeshe lile kaburi la nguzo lilotiwa sahani za Kichina.

mwana_wa_shela
Probox na baiskeli ya resi ya mtu wa Nairobi? Hio baiskeli ni ghali kuliko Probox yenyewe, atalia njia nzima 😂 Haya Gede je, yafaa kweli au ni kuta tu? Mimi tangu safari ya darasa la sita sijaingia.

bint_barani
Yafaa, tena sasa hivi zaidi, Unesco waliutia kwenye urithi wa dunia 2024. Mji mzima ndani ya msitu, msikiti, jumba, visima, na watu wakauhama. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba 1948 na mpaka leo watu wabishana kwa nini ulihamwa, mimi nashikilia maji, angalia vile visima vilivyo virefu. Baiskeli ziacheni langoni kwa walinzi. Na mahamri msiyaache kwenye kikapu, kima wa pale wafungua zipu.

fundi_spoki
Na mle kabla hamjaingia, pale njiapanda ya Gede viazi karai na dafu, si mpaka Watamu. Mtu akila kwa kuchelewa kwenye baiskeli miguu yakatika ghafla, sio pole pole.

mwana_wa_shela
Basi nimesalim amri, Watamu, kutoka saa kumi na mbili, kwa lami. Nimemwambia na bamvua haiangukii siku yetu kwa hivo video yake aiweke, ufuo ataukanyaga kwa miguu Watamu. Ngomeni nimemwahidi mwezi wa 1. Fundi Ijumaa uko wazi? Nataka uniangalilie breki ya nyuma.

fundi_spoki
Niko mpaka Magharibi. Ile breki ni dakika kumi. Njoo mapema kwa sababu ya zile gea 13 zilizolala.