Kutafuta viota vya sisimizi wa asili pembezoni mwa mji

Mdadisi wa Viungani
Habari zenu, ndugu. Ningependa kuwachunguza sisimizi wa asili katika eneo ambalo zamani lilikuwa pori na sasa karibu lote limejengwa. Sikusudii kuwafuga, bali kuwatazama papo hapo walipo na kuandika wanachofanya msimu hadi msimu. Tatizo ni kwamba kila ninapoangalia, iwe kwenye nyufa za saruji, kando ya uzio au chini ya vyungu vya maua, nawakuta wale wale wadogo wa rangi ya kahawia wanaokwenda kwa misururu mirefu. Je, spishi za asili zimekwisha katika maeneo ya namna hii, au zina mahali pake?

Mfuata Msururu
Ndugu Mdadisi, hazijakwisha. Saruji na vyungu vya maua ndipo hasa spishi vamizi zinapostawi, kwa kuwa udongo umechimbuliwa, maji ya kumwagilia hayakatiki, na mche unaotoka kitaluni unaweza kuja na malkia ndani ya udongo wake. Ukiona msururu usioisha na hakuna sisimizi wa aina nyingine karibu, shuku wavamizi. Sisimizi wa Argentina, kwa mfano, huwa na malkia wengi na viota vyao jirani havipigani. Mwaka 2002 watafiti walieleza koloni lao moja, yaani jamii moja ya sisimizi wanaoishi pamoja, lililotanda takriban kilomita 6,000 kando ya pwani za kusini mwa Ulaya. Wanapofika kwa wingi huo, wenyeji wengi hutoweka.

Tafuta ardhi ambayo haijaguswa kwa muda mrefu: makaburi ya zamani, tuta la reli, ukingo wa mto, au kipande cha msitu kilichosazwa kati ya nyumba. Ukifika usianze kuchimba. Weka tone la maji ya sukari, na kando yake chembe za samaki wa kopo, kisha subiri. Anayekunywa sukari huweza kukaa hapo kwa muda akijaza tumbo, lakini aliyeng'ata samaki kwa kawaida ana mabuu wa kulishwa nyumbani, naye hukibeba kipande chake kuelekea kiotani. Chembe nyeupe kiasi huonekana vizuri juu ya udongo, kwa hiyo mfuate kwa macho bila kumpita wala kumtilia kivuli. Kwa maoni yangu njia hii inalishinda jembe kwa mbali.

Bibi Bustani
Naongezea kuhusu mawe. Jiwe bapa linalopigwa na jua la asubuhi lina thamani kubwa, kwa sababu sisimizi huwapandisha mabuu na pupa (watoto walio katika hatua kati ya buu na mkubwa) hadi chini yake ili wapate joto, na jua likizidi huwashusha tena. Jiwe linaloonekana tupu saa saba mchana laweza kuwa lilijaa saa tatu asubuhi. Ukiliinua, lirudishe polepole kama lilivyokuwa, maana vyumba vya juu vya kiota vinalitegemea.

Msisahau pia mbao na matawi. Rundo la vumbi la mbao chini ya gogo huweza kuwa kazi ya sisimizi wa jenasi ya Camponotus, ambao huchonga mbao bila kuzila. Wale wa jenasi ya Crematogaster, wenye tumbo la umbo la moyo wanaloliinua wakichokozwa, hupenda matawi makavu yenye uwazi ndani. Kuna hata Temnothorax, ambao koloni zima huenea ndani ya tunda moja la mwaloni.

Mdadisi wa Viungani
Nashukuru sana. Je, nikimfuata malkia aliyepoteza mabawa, ninayemkuta akitembea baada ya mvua, atanifikisha kwenye kiota?

Mfuata Msururu
Hapana. Huyo mara nyingi ameshajamiiana na anatafuta pa kuanzia kiota chake. Katika spishi nyingi hujifungia chumbani na kuwalea watoto wa kwanza kwa akiba ya mwilini, ikiwemo misuli ya mabawa asiyoihitaji tena.

Kinachokufaa ni muda wa kabla ya malkia wapya na madume wenye mabawa kuruka kwenda kujamiiana. Siku yenye joto na unyevu, upepo ukiwa umetulia, wafanyakazi hupanua matundu na kuzagaa nje, huku wenye mabawa wakichungulia na kurudi ndani. Viota usivyoviona siku nyingine hujitangaza vyenyewe.

Umesema hutawafuga, lakini kwa wengine wanaosoma: kwa spishi yenye malkia mmoja, kumwondoa malkia huyo ni kuliua koloni taratibu, na sheria nazo zipo. Mwaka 2025 mahakama nchini Kenya iliwatia hatiani watu wanne walionaswa na maelfu ya malkia wa sisimizi. Wewe tia alama ya kijiti tu, hatua moja kutoka tunduni, usije ukatoboa vyumba vilivyo karibu na uso wa udongo.