Majibu ya damu ya mtoto: palmitoleiki imetoka wapi ikiwa hali mafuta?

MamaWaWawili aliandika:

Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 9, na mwezi uliopita alishiriki katika utafiti wa watoto ambapo alitolewa damu asubuhi kabla ya kula chochote, akapimwa kiuno, na mafuta ya mwili yakapimwa kwa eksirei ya nguvu ndogo. Karatasi ya majibu ina orodha ndefu ya asidi za mafuta, zote kwa asilimia; palmitoleiki imewekewa mshale wa kwenda juu, linoleiki mshale wa kwenda chini. Aliyenikabidhi alisema tu kwamba nimpunguzie mafuta. Kinachonitatiza ni kwamba tangu alipoanza kunenepa akiwa na miaka 4 nimekuwa nikiyapima mafuta ya kupikia kwa kijiko. Haya yaliyomo damuni yametoka wapi, na je, ndiyo yanayomnenepesha?

MpimaDamu alijibu:

Dada, kwa maoni yangu ushauri uliopewa haukuendana na karatasi uliyoshika. Vyakula vya kawaida vina palmitoleiki kidogo tu. Nyingi ya ile inayoonekana damuni hutengenezwa na mwili wenyewe. Ini likiletewa sukari na wanga kupita mahitaji, hugeuza ziada hiyo kuwa asidi ya palmitiki, yenye kaboni 16, kisha kimeng'enya huiondolea hidrojeni mbili katikati ya mnyororo, nayo ikawa palmitoleiki. Ndiyo maana sisi wa maabara tukiiona imepanda huwa tunauliza habari za sukari kabla ya habari za mafuta.

Linoleiki ni kinyume chake. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza, kwa hiyo yote iliyomo damuni imepitia mdomoni. Umuhimu wake ulianza kujulikana mwaka 1929, George na Mildred Burr walipoonyesha kwamba panya walionyimwa mafuta kabisa walidumaa na ngozi zao zikaharibika. Huenda basi kijiko chako ndicho kilichoishusha, ingawa kuna uwezekano mwingine: asilimia ni mgawanyo, na moja ikiongezewa fungu, nyingine hupungukiwa hata kama kiasi chake halisi hakikubadilika. Tazama pia kama walipima plazma, yaani majimaji ya damu bila seli zake, au seli nyekundu. Seli nyekundu huishi takribani siku 120, hivyo utando wake hubeba habari za ulaji wa miezi kadhaa, ilhali plazma husimulia zaidi siku za karibuni.

MuuguziWaWatoto alijibu:

Mama, mimi nimeshtushwa na ile miaka 4 uliyoitaja kwa kupita. Mtoto huwa mnene katika mwaka wa kwanza, kisha uwiano wa uzito na urefu wake hupungua hadi kufikia kiwango cha chini kabisa kwenye miaka 5 au 6, ndipo huanza kupanda tena. Imejulikana tangu miaka ya 1980 kwamba wanaoanza kupanda mapema huelekea kuwa wazito zaidi baadaye. Tafuta kadi yake ya ukuaji, kwa kuwa mkondo wa miaka mitano utakueleza mengi kuliko damu ya asubuhi moja.

Mzee_wa_Lishe alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo na MpimaDamu, maana wasomaji wengine wanaweza kuondoka wakidhani mafuta hayana neno. Aina yake ina uzito wake. Kule Turku, Finland, utafiti ulioanza mwaka 1990 uliwafuatilia watoto tangu wakiwa na miezi 7, wazazi wakielekezwa kupunguza mafuta magumu na kuweka laini mahali pake. Kolesteroli ya watoto hao ilikuwa chini kuliko ya wenzao, na ukuaji wao haukuathirika. Angalieni, hata hivyo, kwamba walibadilisha aina ya mafuta, hawakumwachia mtoto sahani kavu.

MamaWaWawili aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimeangalia, ni plazma. Nimeipata na kadi: uzito ulianza kupanda akiwa na miaka 4 na miezi 3. Kuhusu sukari, nimekaa nikahesabu, na kila siku akirudi shuleni hunywa glasi mbili za juisi ya pakiti, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiinunua kwa sababu imeandikwa kwamba haina mafuta. Lakini bado sijajibiwa: ni asidi hizi zinazomnenepesha, au ni unene unaozileta?

MpimaDamu alijibu:

Damu iliyopimwa mara moja haiwezi kulijibu hilo, dada, kwa sababu njia hupitika pande zote mbili. Sukari ya ziada hulifanya ini liunde mafuta, nayo hupelekwa kuhifadhiwa mwilini. Mafuta yakijaa kiunoni, mwili huanza kuipuuza insulini, homoni inayoshusha sukari damuni, kongosho huimwaga kwa wingi zaidi, na insulini hiyo nyingi hulihimiza ini liendelee kuunda mafuta. Kwa umri wake ongeza na balehe inayokaribia, ambayo hupunguza usikivu wa mwili kwa insulini hata kwa mtoto mwembamba. Acha mishale kwa sasa, utafute mstari wa trigliseridi, yaani mafuta yanayosafirishwa na damu, kwenye karatasi hiyo hiyo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10 tunapenda iwe chini ya 75 kwa kipimo cha mg/dl, na ikifika 100 huhesabiwa kuwa juu.

MamaWaWawili aliandika:

Nimeiona, ni 118.

MpimaDamu alijibu:

Basi mpeleke kwa daktari wa watoto pamoja na karatasi na kadi, arudiwe kupimwa akiwa hajala, kwa kuwa trigliseridi hubadilika sana siku hadi siku na kipimo kimoja hakitoshi kuamua. Juisi isingoje majibu hayo. Anza leo kumpa maji. Na hicho kijiko cha mafuta, ikiwa ni mafuta laini ya mimea, mrudishie.