Aloi ya nikeli: hadubini ya elektroni, volteji au leza?

Mwanafunzi_Embakasi: Wakuu, salaam. Niko uzamili hapa Nairobi. Nina kipande cha panga la tabaini ya injini ya ndege, aloi ya nikeli, kimepasuka kwa kufuata mipaka ya chembe (zile fuwele ndogondogo zinazounda metali). Nataka kujua kama boroni imejikusanya mipakani. Kipimo kikuu kitafanyiwa ng'ambo na hela zinatosha njia moja tu. Nichukue ipi?

Kipchuma: Hadubini ya elektroni, bila kusita. Utaona vimiraba vya Ni3Al (nikeli na alumini) ndani ya aloi, ukubwa wake, na kama joto na mvutano vimeanza kuviunganisha vikawa safu. Kromiamu, kobalti na tungsteni utazisoma kwa eksirei, tena kwenye eneo kubwa.

Mama_Kemia: Kipchuma, ameuliza boroni. Eksirei yake ni hafifu mno, na kwenye aloi hizi boroni ni sehemu ndogo sana ya asilimia moja. Hapo kichunguzi cha atomu ndicho chenyewe. Sampuli inachongwa iwe sindano yenye ncha ya makumi ya nanomita, inawekwa kwenye ombwe na baridi kali, halafu inapewa volteji ya maelfu, pamoja na mipigo mifupi ya volteji zaidi au ya leza. Atomu zinang'oka mojamoja zikiwa ayoni. Muda wa kuruka unakwambia ni elementi gani, na pale zinapogonga panakwambia zilikokaa. Boroni inahesabiwa sawa na nikeli. Erwin Müller na wenzake walikitangaza Marekani mwaka 1967, na bado sijaona kitu cha kunishangaza zaidi katika kazi hii.

Mwanafunzi_Embakasi: Asante sana, Mama. Sasa volteji au leza?

Mama_Kemia: Leza, mwanangu. Kila mpigo wa volteji unaivuta sindano, na mpaka uliokwisha kudhoofika hukatika upesi. Leza inapasha ncha joto kwa kitambo kidogo mno, mvutano unapungua, sindano nyingi zaidi zinafika mwisho. Ila nishati ikizidi, vilele vya uzito kwenye grafu ya kutambua elementi vinaburuta mkia na atomu zinatambaa juu ya ncha kabla ya kuruka. Omba nishati ya chini.

Sumaku_Ruiru: Naongeza: kwenye grafu hiyo uzito hugawanywa kwa chaji, kwa hiyo kromiamu-54 yenye chaji mbili inaangukia 27, palepale penye alumini. Usiposahihisha, alumini itaonekana nyingi kuliko ilivyo.

Kipchuma: Kwa boroni nimekubali. Lakini sindano moja ni sehemu ndogo mno ya panga zima. Lipia kadhaa kutoka mpaka uleule, na mpaka wenyewe ukae karibu na ncha, la sivyo watakupimia katikati ya chembe tu. Utafute kwanza kwa hadubini ya kawaida hapahapa Nairobi, upige picha, utie alama.

Mwanafunzi_Embakasi: Nimeelewa. Leza, nishati ya chini, sindano kadhaa. Kipande nikikate vipi?

Sumaku_Ruiru: Taratibu, na kipozeo kikitiririka muda wote. Acha milimita chache pande zote za ufa.