Kwa nini "kamba ndefu" na si "kamba refu"?

Mama Zawadi, Umoja
Wanajukwaa, hamjambo? Jana kijana wangu wa Gredi ya 4 aliandika "kamba refu" kwenye kazi ya ziada. Nikamwambia ni "ndefu". Akaniuliza, "Lakini mama, mti ni mrefu, kiti ni kirefu, shimo ni refu. R ya kamba imeenda wapi?" Nimezaliwa Pumwani, Kiswahili ndicho nilichokulia, na jibu sina. Nikisema "ndivyo tunavyosema", hatosheki, wala mimi sitosheki. Naombeni msaada.

Mwalimu mstaafu, Kayole
Mama Zawadi, huyo mtoto ana sikio, mpe hongera. Kamba, nyumba na nguo zina kiambishi n-. Mwambie aseme "n-refu" polepole. Ulimi umeshagusa ufizi kwa n. Ukiachia kuelekea r, d inajitokeza yenyewe. Ndiyo maana ulimi mmoja, ndimi nyingi. Hata w hugeuka: watu wawili, nyumba mbili. Lakini n hudondoka mbele ya k, f na ch: kamba kubwa, fupi, chafu. "Mpya" imebaki nayo, ikisikika kama m mbele ya p, kwa kuwa shina ni silabi moja tu.

Mama Zawadi, Umoja
Amerudia "n-refu, n-refu" akinawa miguu hadi ikawa "ndefu". Asante sana Mwalimu! Sasa anataka kujua kama Wazungu nao hubadilisha.

Niko Cardiff
Dada, huku Wales ni zaidi. Paka ni *cath*. Paka wangu, *fy nghath*. Paka wake, ikiwa mwenyewe ni mwanamume, *ei gath*. Ikiwa ni mwanamke, *ei chath*. Hiyo *ei* ni ileile, kwa hiyo mwanzo wa paka ndio unaokuambia mwenyewe ni nani! Hapo kale "wake" ya kike iliishia kwa s, ya kiume kwa irabu. Miisho hiyo imekufa, ila alama yake imebaki kwenye neno linalofuata. Nilipofika nilitafuta *gath* kwenye kamusi jioni nzima.

Jirani wa Dandora
Kwetu Kijaluo hugeuka mwisho wa mzizi. Jiwe *kidi*, mawe *kite*. Mlima *got*, milima *gode*.

Mama Zawadi, Umoja
*Got, gode* ameshaiandika kwenye jalada la daftari. Nimemjaribu: ubavu? "Mbavu." Ukuta? "Kuta, k imefukuza n." Amekwama kwa uso. Mwalimu, ny ya nyuso imetoka wapi?

Mwalimu mstaafu, Kayole
Shina ni -so, silabi moja kama -pya, kwa hiyo u haiondoki. N ikikutana na irabu huwa ny: nyuso, nyuzi. Mwambie ajaribu wembe.