Naomba ushauri: udongo wa shamba langu umechoka, nianzie wapi?

Ndugu wakulima na wataalamu, naomba ushauri wenu. Mwaka 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa takriban theluthi moja ya udongo duniani umeharibika, kutokana na mmomonyoko, kupungua kwa mboji, chumvi na tindikali. Niliyaona hayo kuwa mambo ya mbali, mpaka shamba langu mwenyewe lilipoanza kufanya gamba gumu baada ya kila mvua: maji hayapenyi, yanateleza juu na kuondoka na tope, na nikichimba, shubiri moja tu chini nakuta tabaka lisilopenyeka kwa mizizi, wala sioni nyungunyungu hata mmoja. Mbolea ya viwandani naongeza kila msimu, lakini mavuno hayapandi (nashuku nimekuwa nikilisha mmea na kuusahau udongo).

Je, niache kukatua na badala yake nifunike ardhi kwa mabaki ya mazao, au nilivunje kwanza tabaka hilo ndipo nipande mikunde? Na mabaki yenyewe yakiliwa na mifugo, nifunike kwa kitu gani? Aliyewahi kufufua shamba la namna hii anieleze pia alisubiri misimu mingapi.